Kura ya rais na suala la kutoa mimba: dada wa Columbus, Ohio

Dada, nimekuelewa, umepata uraia wa Marekani juzi tu na unauliza uangalie nini ukipiga kura ya rais, mchungaji anasema angalia suala la kutoa mimba peke yake, dada yako naye anasema angalia bei ya chakula, na wewe uko katikati. Hamna anayekosea hapo, inategemea hilo jambo lina uzito gani kwako.

Ila jua kwanza rais anafanya nini hasa. Anateua majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Seneti ikiwapitisha wanakaa maisha, na ndo hao waliofuta Roe v. Wade, yaani ile hukumu ya 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, Juni 2022, watatu kati yao waliteuliwa na Trump. Tangu hapo kila jimbo linajiamulia. Sasa nyie Ohio mlishapiga kura Novemba 2023 mkaiweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo, afu 2024 jimbo hilohilo likampa Trump, maana yake kuna watu kibao walitenganisha hayo mambo mawili. Kwa hiyo hata kama mimba ndo kila kitu kwako, usiishie kwa rais, shuka chini kwenye karatasi ya kura uone seneta na majaji wa mahakama ya juu ya jimbo, wengi wanaruka hapo mi sijui kwa nini.

Mchungaji hakuoni ukipiga, ni siri.

Ila mumeo mwenye green card, yaani kibali cha kuishi Marekani ila si raia, asithubutu kujiandikisha kupiga kura!! Anaweza kufukuzwa nchini. Kama alishajaza fomu, amwone wakili wa uhamiaji wiki hii hii.