Kabla hujafungua nati ya oili ya giaboksi

Wiki yangu ya tatu gerejini nilipewa gari la otomatiki nibadilishe oili ya giaboksi. Nikaingia chini, nikafungua nati ya kumwagia, oili ikatoka vizuri, nikajifuta mikono na kwenda kufungua nati ya kujazia. Ikagoma. Niliing'ang'ania na spana mpaka pembe zikalika. Gari la watu likakaa juu ya stendi siku mbili, halina oili, halisogei, na mwenyewe kila jioni anapita kuuliza. Tangu hapo sigusi nati ya kumwagia kabla sijailegeza ya kujazia. Ikigoma wakati oili bado iko ndani, mwenye gari anaondoka akiendesha, na wewe unapata muda wa kutafuta dawa.

Wewe unayeanza sasa, jambo la kwanza kuondoa kichwani ni mazoea ya oili ya injini. Injini inaweza kula oili kidogo kidogo na isiwe ajabu. Giaboksi haili oili. Ukikuta imepungua, inavuja mahali: sili za ekseli, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), au mipira inayokwenda kwenye rejeta. Kuongeza tu bila kutafuta mvujo ni kumwambia mteja arudi mwezi ujao.

Na kipimo hapa hakina huruma. Oili hii hailainishi na kupoza tu. Presha yake ndiyo inayobana klachi za ndani, na ndani ya tokikonveta, kifaa kilicho kati ya injini na giaboksi, ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Ikipungua, pampu inavuta hewa, klachi zinateleza, zinaungua. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaichapa mpaka inatoa povu, na povu halina presha. Ndiyo maana gari lililojazwa kupita kiasi linaweza kuchelewa kuitika ukiweka D, sawasawa na lile lenye upungufu. Wageni wengi hapo huongeza tena.

Kwa gari lenye dipstiki, mara nyingi unapima likiwa mahali tambarare, giaboksi imepata moto, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia kila nafasi kwa sekunde chache, rudisha P, chomoa, futa, tumbukiza, soma. Nimesema mara nyingi kwa sababu Honda wanataka uzime injini kwanza, kisha upime ndani ya dakika moja au moja na nusu. Soma kitabu cha gari. Sijawahi kuona fundi aliyedharaulika kwa kufungua kitabu.

Magari mengi ya sasa hayana dipstiki kabisa. Chini kuna nati ya kipimo: unaifungua injini ikiwa inaunguruma, oili iliyozidi inajimwaga, ikianza kudondoka matone unafunga. Siri iko kwenye joto la oili, ambalo unalisoma kwa mashine ya kupimia gari. Kwenye Toyota nyingi ni karibu nyuzi 40. Oili hutanuka ikipata moto. Ukifunga ikiwa ya baridi, barabarani itazidi; ukichelewa ikawa ya moto sana, itamwagika kupita kiasi.

Aina ya oili ndiyo inayoua giaboksi kimyakimya. Oili za Toyota T-IV na WS hazichanganywi, hata kama zote ni nyekundu. CVT, giaboksi inayotumia puli na mkanda badala ya gia, ndiyo mbaya zaidi kukosea: ndani yake mkanda wa chuma unashikilia puli kwa msuguano, na oili yake, kama NS-2 au NS-3 za Nissan, imetengenezwa kwa ajili ya mshiko huo. Ukiweka ATF, yaani oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki, mkanda unateleza na kujikwangua. Chupa iliyoandikwa kuwa inafaa magari yote mimi huirudisha kwenye rafu.

Ukimwaga, usitarajie itoke yote. Kwa kawaida hutoka theluthi moja hadi nusu. Iliyobaki imekaa kwenye tokikonveta na mipira. Pima iliyotoka kwa chombo chenye alama, rudisha kiasi hichohicho, kisha hakikisha kipimo. Anayetaka ibadilike karibu yote atembelee gari, arudi, umwage tena, mara mbili au tatu. Mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo siipendi kwa gari ambalo halijawahi kubadilishwa.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Kahawia ni uzee. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeguswa. Rangi ya waridi yenye utando kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilicho ndani ya rejeta; gari hilo lisiendeshwe. Kwenye sumaku ya sampu, tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida.

Utasikia pia kwamba oili fulani ni ya maisha yote ya gari. ZF, ambao giaboksi ndiyo kazi yao, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Mimi nafuata wao.

Gari likija tayari linateleza, sema mapema, kabla ya kushika spana, kwamba oili mpya hairudishi klachi iliyoungua. Ukisema baada ya kazi, giaboksi umeiua wewe. Na ile oili chafu usiimwage haraka: weka kidogo kwenye chupa safi, andika juu yake tarehe na kilomita, mwenyewe akija umwonyeshe.