Kuchanganua sentensi za Kiingereza kwa michoro: je, kunamfaa mwanafunzi wetu?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mdogo wako wa kidato cha pili, ambaye kanuni za sarufi ya Kiingereza amezikariri vizuri lakini insha zake zinarudishwa zimejaa wino mwekundu, atasaidika akifundishwa kuchanganua sentensi kwa michoro kama walivyofundishwa Wamarekani. Nimefundisha Kiingereza katika madarasa ya tuisheni huku Temeke kwa miaka kadhaa na michoro hiyo nimeitumia sana ubaoni, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona. Atasaidika, ila kwa makosa ya aina fulani tu.

Mtindo unaouulizia ulienezwa na Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, waliokuwa wakifundisha Brooklyn, New York, katika kitabu walichokitoa mwaka 1877. Kabla yao, mwaka 1847, Stephen Clark alichapisha michoro ya viputo vilivyobanana, kila neno ndani ya kiputo chake, na sentensi ndefu ilikuwa ikijaza ukurasa mzima. Reed na Kellogg waliviondoa viputo wakabakiza mistari. Unachora mstari mlalo, kiima kinakaa kushoto na kitenzi kulia, na kati yake unapita mstari wima unaoukata ule mlalo. Shamirisho (yule au kile kinachotendwa), kama lipo, linakaa baada ya kitenzi, likitengwa na mstari wima mfupi usiovuka chini. Ikiwa kinachofuata si shamirisho bali ni neno linalomweleza kiima, kama "late" katika "The bus is late", mstari huo mfupi unalazwa kuelekea upande wa kiima. Vivumishi, vielezi na vihusishi vinateremka chini kwa mistari ya mshazari, kila kimoja chini ya neno kinalolihusu.

Faida yote imo katika sharti hilo la mwisho. Chukua sentensi hii, ambayo mfano wake nimeusahihisha katika madaftari mengi: "The price of onions have gone up." Mwanafunzi aliyeiandika, ukimuuliza, atakuambia bila kusita kwamba "price" ni umoja. Tatizo lake si kanuni; anapofika kwenye kitenzi, sikio lake bado limeshika "onions". Mwambie aichore. Neno "of" linateremka mshazari chini ya "price", "onions" linaandikwa kwenye kimstari chake huko chini, na kwenye mstari mkuu vinabaki "price" na "have gone" vikitazamana. Wengi hufuta "have" wenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. (Kuhusu "up", darasa hubishana kama ni kielezi au ni sehemu ya kitenzi. Waache wabishane.)

Kosa la pili ni letu hasa, sisi tunaofikiri kwa Kiswahili: "My brother he works at the port." Katika "kaka yangu anafanya kazi bandarini" kitenzi kinabeba kiambishi cha kiima hata pale kiima chenyewe kimeshatajwa, na mwanafunzi anauhamishia mtindo huo kwenye Kiingereza. Mchoro una nafasi moja tu kushoto mwa mstari wima, na "brother" ameshaikalia, hivyo "he" anakosa pa kuandikwa. Kinyume chake ni "Is raining", ambapo upande wa kiima unabaki mtupu na pengo linaonekana waziwazi.

Muda mrefu kuliko wote huwa nautumia kwenye vishazi tegemezi (vipande vya sentensi vyenye kitenzi chake lakini visivyojitosheleza), kwa kuwa hapo ndipo makosa hayo mawili yanapokutana. Tuseme ameandika: "The conductor who he took my fare has disappeared." Juu anachora "conductor" na "has disappeared". Chini yake anachora mstari mwingine kamili, wenye "who" mahali pa kiima, "took" mahali pa kitenzi na "fare" mahali pa shamirisho, huku "my" likining'inia chini ya "fare". Kisha anaunganisha "who" na "conductor" kwa mstari wa vitone. Akishaona kwamba "who" ndilo kiima cha kishazi cha chini, "he" linaondoka lenyewe, na anaelewa pia kwa nini sentensi hiyo ina vitenzi viwili bila kuhitaji "and".

Sasa mipaka yake. Mchoro haumfundishi wakati gani atumie "a" na wakati gani "the", maana yote mawili yananing'inia mahali palepale. Hautofautishi "has gone" na "went". Haumwambii kama ni "arrive at" au "arrive to". Hata mpangilio wa maneno unapotea: "Is the bus late?" na "The bus is late" vina mchoro mmoja. Kwa mpangilio, naona njia ya matawi inayotumika katika somo la Kiswahili, yenye sentensi juu na KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi) chini yake, ni bora zaidi, kwa sababu maneno yanabaki katika safu yake.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema kwamba Wamarekani wenyewe wameachana na mambo haya. Kuna ukweli: mwaka 1985 baraza la kitaifa la walimu wa Kiingereza nchini humo lilipitisha azimio lililopinga mazoezi ya sarufi yanayofanywa peke yake, yakiwa yametengwa na uandishi. Lakini watoto wao wengi huingia darasani wakiwa wanakiongea Kiingereza tangu nyumbani. Wa kwetu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo liko kwa Kiingereza, na umbo la sentensi hiyo ngeni hajalizoea. Azimio lile, kwa maoni yangu, linatuonya tusitenge michoro na insha.

Kwa hiyo usimnunulie kitabu cha mazoezi. Chukua insha zake zilizorudishwa, chagua sentensi zilizopigiwa mstari, na aanze kwa kutafuta kiima na kitenzi tu. Mengine yasubiri mpaka hayo mawili hayampi shida. Rula haihitajiki. Mtihani hautamwomba achore, hivyo lengo ni aweze kuuona mstari mkuu kichwani anapoandika, na siku utakapoona anausahihisha upatanisho wa kiima na kitenzi bila kuchora pembeni, acheni michoro ya sentensi sahili, muda huo ausomee magazeti na hadithi. Vishazi vya "who" na "which" viache hadi likizo ya Juni, kwa maana vinataka mtu wa kukaa naye karibu, na katikati ya muhula sidhani kama nyote wawili mtapata nafasi hiyo.