Barua kwa mwanangu: aliyekaa na aliyechora

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na zile picha ulizotuma kwa simu nimezitazama mpaka mama yako akaniambia nizime taa nilale.

Unaniuliza kuhusu huyu mchoraji Lesia Khomenko wa Kyiv, Ukraine. Kwamba anachora wanajeshi halafu uso anaufuta, anauacha kama ukungu. Je, hiyo bado ni picha ya mtu? Na wewe uliyezoeshwa kuanza na macho, uifuate njia hiyo? Umeniuliza mimi kwa kuwa nimezeekea nyuma ya kamera pale Ngamiani. Nitakujibu. Lakini kilichonishika katika maelezo yako si uso, ni karatasi ya kaboni.

Umeitaja kwa kupita tu, kama jambo dogo. Unasema majira yale ya baridi ya 2013 kuingia 2014, watu walipoujaza uwanja wa Maidan kuipinga serikali yao, Khomenko alikwenda akawa anawachora waandamanaji palepale. Chini ya karatasi aliweka kaboni. Akimaliza, aliyechorwa anaondoka na mchoro wenyewe, mchoraji anabaki na nakala. Nilipofika hapo niliiweka simu chini, nikatoka kibarazani.

Unajua ninavyoamini, umelisikia neno hili tangu hujaanza shule: picha ni ya aliyekaa. Hata mteja aliyeshindwa kumalizia hela nilimpa picha yake, deni likabaki daftarini. Mama yako alilalamika na alikuwa na haki yake, watoto mlikuwa mnataka ada. Lakini nisingelala usingizi na uso wa mtu umefungiwa kabatini mwangu.

Habari ya bibi yako na mchoraji unaijua nusunusu, kwa sababu shangazi zako wakiisimulia huwa wanaikatisha. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Alikuja Pangani mchoraji mgeni, jina lake sitaliandika hapa, akamwona bibi yako karibu na kivuko, akamwomba akae amchore. Akavaa ile doti ya kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi. Kila asubuhi alimwachia shangazi yako mkubwa vitumbua, akaenda kukaa chini ya mkungu, mikono mapajani, hata nzi hamfukuzi. Akiomba kuona, anaambiwa bado. Akiomba tena, bado kidogo. Nakumbuka nilijipenyeza nyuma ya yule mgeni nikaona sikio la mama yangu na kipini chake, vimetoka vilevile kabisa, nikakimbia kumwambia. Alicheka kwa furaha, mwanangu! Sijapata kumwona tena akicheka vile.

Halafu siku moja tukaambiwa mgeni ameondoka na basi la alfajiri. Aliacha ahadi kwamba ataleta nyingine ndogo kwa posta. Bibi yako aliulizia posta mpaka karani akawa anamtikisia kichwa kabla hajafika dirishani.

Nilipopata kamera yangu ya kwanza nilitaka wa kwanza kumpiga awe yeye. Nilikwenda Pangani na pazia na kila kitu. Akaniambia, "Mimi nimeshachorwa." Akaingia ndani. Ndiyo maana picha mnayoiona ukutani ni ile ya kitambulisho niliyoikuza, kavu, haina hata mabega.

Sasa rudi kwa Khomenko. Kazaliwa Kyiv mwaka 1980, kamaliza chuo cha taifa cha sanaa mwaka 2004, na mwaka huohuo ukaja ule msukosuko wao wa Mapinduzi ya Rangi ya Chungwa, naye na vijana wenzake wakaunda kundi la wasanii liitwalo R.E.P. Yaani alitoka darasani akaingia barabarani, ndipo nadhani alipojifunzia kaboni. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia nchi yao. Khomenko na familia yake wakahamia mji wa Ivano-Frankivsk, mumewe Max akaingia jeshini. Khomenko akamchora kwenye turubai kubwa, mwili mzima, anapiga saluti katika nguo zake za kiraia. Picha ile mwaka huohuo ikaenda kuonyeshwa Venice, Italia.

Hapo moyo ulinipanda. Sheria yao ya vita iliwazuia wanaume wa miaka 18 hadi 60 kutoka nje ya nchi, na huyu alikuwa askari. Turubai ikasafiri, Max akabaki nyuma. Nikasema, tazama, ni Pangani ileile! Mama yako akanituliza: huyo ni mume wake, na ile picha ya kamera aliyoitazama akimchora, Max mwenyewe ndiye aliyemtumia kwa simu. Ni kweli. Amejitoa kwa hiari, wala hakuna aliyemwambia bado kidogo. Nakubali. Nakubali, na bado jambo hili linanisumbua.

Kuhusu nyuso zilizofutwa, unasema wenzako darasani wanaliita ni mtindo. Mimi sioni mtindo. Picha ya askari siku hizi inaweza kumtambulisha kwa adui, ikaonyesha na mahali alipo, akafa kwa ajili yake. Khomenko anapouondoa uso, turubai inaweza kwenda Venice au Amerika, ule uso unabaki na mwenyewe. Kwangu ni kaboni ileile, ila safari hii wa kupewa chake hayupo karibu. Kisha najiuliza: na mama wa yule askari? Akisimama mbele ya turubai lile atamjuaje mwanawe? Mimi niliyetambua kipini cha mama yangu nyuma ya bega la mtu, ningetambua nini pale? Hapo sina jibu, na nimelitafuta.

Basi kama uifuate njia yake au ushikilie macho yako, sitakuamulia. Mkono ni wako. Nina neno langu na unalijua, lakini nimemwahidi mama yako nisiliandike.

Niambie kwanza hili: yule mama anayeuza mkate chini ya nyumba yenu huko Berlin, uliyesema umemchora, umempa mchoro wake? Kama bado, mpelekee kabla hujanijibu barua hii.

Baba yako