Mafua ya mdogo wangu hayakuwa mafua

Kwa karibu miezi minane mama yetu alimpigisha mdogo wangu nyungu. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akamkalisha kwenye kigoda uani kwetu Magomeni, akamfunika shuka zito, naye akavuta ule mvuke huku akikohoa. Mafua hayakuisha. Leo pua imeziba, kesho anapenga kamasi yenye michirizi ya damu. Mimi nilisema ni vumbi, shemeji, mke wake, akasema ni kiyoyozi cha ofisini, shangazi akasema aleji. Mama aliendelea kuchemsha majani.

Ilikuwa kokeini. Mdogo wangu mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, na ameyasoma kabla yako.

Sisi tuliokulia Dar tunaamini tunaujua unga. Tumewaona mateja wakisinzia wamesimama, magoti yamekunjika, mwili unakaribia kugusa chini lakini hauanguki. Tunajua kete, tunajua arosto, yale mateso ya kukosa dozi. Lakini hiyo ni sura ya heroini, na ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Heroini humlaza mtu, kokeini humwamsha. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, mashati yamepigwa pasi, kiwanja amenunua akiwa na miaka 27. Kwenye sherehe za ukoo yeye ndiye mchangamfu kuliko wote, anaongea hadi unamwonea huruma anayemsikiliza. Nani angemwita teja?

Nikirudi nyuma naona tulivyopitwa. Ijumaa na Jumamosi anakesha, chakula hagusi, mboni za macho zimetanuka hata akiwa kwenye mwanga mkali. Jumapili anajifungia chumbani, analala kutwa, akiamka hataki hata salamu. Shemeji alidhani kuna mwanamke. Mimi nilimkopesha laki tatu, kisha laki tano, mtu ambaye mshahara wake ni mara mbili ya wangu, na sikujiuliza. Mwishoni akawa anachungulia dirishani usiku akisema kuna gari linamfuata.

Halafu ile noti. Siku moja niliazima gari lake, nikafungua dashibodi kutafuta kadi ya bima, nikakuta noti ya elfu kumi imeviringwa nyembamba kama msokoto wa sigara. Ncha moja ilikuwa ngumu, imeganda kitu cha rangi ya kahawia. Niliikunjua kwa kidole gumba, nikainyoosha juu ya paja, na jioni nikamrudishia: "Umesahau hela yako." Akaipokea bila kunitazama. Ile rangi ya kahawia ilikuwa damu ya puani. Kama kuna kitu kimoja ningeomba nirudishiwe, ni jioni ile, nikae naye chini nimuulize.

Alikuwa na miaka 31 usiku shemeji aliponipigia simu, saa nane. Nilimkuta ameshika kifua, jasho linamtiririka, anasema mkono wa kushoto umekuwa mzito. Jirani mmoja akasema ni gesi. Mwingine akaleta maziwa, tukamnywesha. Nakuomba hili ulishike: maziwa hayatoi kokeini mwilini. Mgonjwa anaweza kutapika na kupaliwa, na nyinyi mnapoteza dakika ambazo angekuwa njiani kwenda hospitali. Akianza degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Mwili ukiwa unachemka, mvue nguo nzito, mpepee, mpanguse kwa maji, huku usafiri unatafutwa.

Hospitali daktari alituuliza mara tatu: "Ametumia kitu chochote?" Mara tatu tukajibu hapana. Mimi niliapa. Mama alikuwa amekaa pale kwenye benchi, na hakuna aliyetaka neno hilo litamkwe mbele yake. Rafiki wa mdogo wangu aliyetufuata kwa bodaboda ndiye aliyenivuta pembeni. "Kaka, mwambie daktari ukweli. Tumevuta tangu saa nne, na pombe kali juu yake." Nilirudi mbio.

Daktari hakuita polisi wala hakutusema. Alibadilisha mpango wa dawa. Kesho yake alinieleza kwamba zipo dawa za kutuliza mapigo ya moyo ambazo mgonjwa mwingine angepewa, lakini kwa mtu mwenye kokeini mwilini zinaweza kuifanya mishipa ibane zaidi. Uongo wetu wa kulinda heshima ya nyumba ungeweza kumzika. Kwa hiyo ukimpeleka mtu wako, mtajie daktari kila kitu: alichotumia, saa ngapi, na kama alikunywa. Mama mkwe akiwepo, mwombe daktari mzungumze pembeni.

Kinachofanyika ndani ya mwili ni hiki. Kokeini huufanya moyo upige haraka na kwa nguvu, yaani uhitaji damu nyingi zaidi, na wakati huohuo hubana mishipa inayoulisha moyo huohuo. Damu nayo huganda kwa urahisi zaidi. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1999 kwamba katika saa ya kwanza baada ya kutumia, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda takriban mara 24. Mtu hahitaji kuwa mzee, wala mnene, wala mtumiaji wa miaka mingi. Mshipa ukipasuka au ukiziba kichwani, ni kiharusi. Tunaopenda mpira tunamkumbuka Maradona: mwaka 1991 akiwa Napoli alifungiwa miezi 15 baada ya vipimo kuonyesha kokeini, na Januari 2000 akakimbizwa hospitali nchini Uruguay, moyo umemlemea, akiwa na miaka 39 tu.

Pombe ndiyo inayowadanganya wengi. Mdogo wangu alikuwa anasema akivuta halewi, anaweza kunywa mpaka asubuhi na kuendesha gari. Kulewa alikuwa amelewa, ila hakuhisi. Na ini linapokutana na vyote viwili hutengeneza kitu cha tatu, kokaethilini, ambacho hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuuchosha moyo zaidi.

Kuhusu pua: tangu mwaka 1884 madaktari wa macho waliitumia kokeini kama ganzi. Ganzi hiyohiyo ndiyo inayomficha mvutaji. Mishipa ya puani inabana, nyama inakosa damu, inakufa taratibu, naye hasikii maumivu. Mdogo wangu ana tundu kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua; akipumua kwa nguvu unasikia mluzi. Na unga wenyewe hujui umechanganywa na nini. Mara nyingi hukutwa na levamisole, dawa ya minyoo ya mifugo, ambayo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu hadi kidonda kidogo kikawa ugonjwa mkubwa.

Alipotoka wodini tulikimbilia kwenye methadoni, kwa sababu ndilo jina la tiba tulilolijua tangu kliniki ya Muhimbili ianze mwaka 2011. Tukaelezwa kwa upole kwamba methadoni ni ya heroini na jamii yake. Kwa kokeini haisaidii, na hakuna kidonge kilichothibitishwa cha kuondoa uraibu huo. Tiba yake ni mazungumzo: mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, wiki baada ya wiki, kujua ni saa gani, watu gani na hisia gani zinazomrudisha. Mtu akiacha hatetemeki wala kutapika kama mwenye arosto ya heroini. Anazama. Usingizi mwingi, huzuni, hamu inayomjia ghafla hata baada ya miezi. Wapo wanaofikiria kujiua katika kipindi hicho. Usimwache peke yake, na usimwambie "mbona huumwi."

Alirudia mara mbili. Mara ya pili nilitaka kumfukuza nyumbani, na mama ndiye aliyenizuia. Tulichokuja kugundua na mshauri wake ni kwamba balaa lake lina tarehe: siku mshahara unapoingia, na Ijumaa baada ya saa moja jioni. Sasa kadi yake ya benki anayo shemeji, kwa hiari ya mdogo wangu mwenyewe. Namba za wale rafiki amezifuta, isipokuwa ya yule wa bodaboda, ambaye naye ameacha.

Ijumaa anakuja Magomeni kula. Mama anamwekea wali na samaki, na sufuria ya mkaratusi haijatoka jikoni. Akisikia ule mluzi bado anauliza kama achemshe majani. Mdogo wangu anamjibu, "Chemsha, mama," anakaa kwenye kigoda, anafunikwa shuka. Simu yake anakuwa ameniachia mimi.