Filamu za maisha ya watu halisi: itazame kwanza wewe

Nilikosea siku nilipowawekea watoto The First Grader bila kuitazama kwanza. Kisa chenyewe nilikijua juujuu: mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mzee kakaa darasani na vitoto, kitawatisha nini? Kumbe ndani mna kumbukumbu za mateso ya enzi za Mau Mau, tena hazikufunikwa. Kitindamimba wetu, miaka saba, alijibana mto usoni na hakuutoa mpaka nilipozima. Ni filamu nzuri mno, lakini si ya umri ule.

Tangu hapo hakuna filamu inayowafikia kabla sijaimaliza mwenyewe. Alama ya umri naiangalia, ila haimjui mwanangu. Katika The Boy Who Harnessed the Wind, kilichowaliza zaidi ya njaa yote ya Malawi ni mbwa wa William Kamkwamba, kijana mwenye kisa hicho. Kwa kuwa nilishajua, nilikuwa nimewasogelea. Tulipofika pale baba anapokubali baiskeli yake ifumuliwe ili kijana ajenge mtambo wa upepo, chumba kizima kilinyamaza.

Ukitaka moja tu ya kutazamwa na bibi pamoja na mtoto wa darasa la pili, chukua Queen of Katwe (2016). Phiona Mutesi anauza mahindi Kampala, anajifunza sataranji, anashinda, anashindwa, anarudi tena. Mama yake amebeba nusu ya hadithi, kwa hiyo watu wazima nao wana chao. Na tafadhali usizime inapofika mwisho! Waigizaji wanatokea wakiwa wamesimama na watu halisi waliowaigiza. Wanangu walipiga kelele: "Kumbe wapo!"

Swali la "ni kweli?" lisikuchoshe, litafutieni jibu pamoja. Katika Hidden Figures, filamu ya wanawake weusi wanahesabu wa NASA, shirika la anga la Marekani, bosi wao anabomoa bango la choo cha weusi. Tukio hilo limetungwa: Katherine Johnson mwenyewe, mmoja wa wanahesabu hao, alikuwa akitumia choo kisicho na bango bila kumjali mtu. Lakini kwamba mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alitaka Johnson ahakiki hesabu za kompyuta kabla hajarushwa, hilo ni kweli kabisa. Binti yangu mkubwa alipousikia ukweli wa choo, alisema Johnson wa kweli ni jasiri kuliko yule wa kwenye filamu.