Mchele wa Japani: maswali yenu

Nasikia Japani inajitosheleza kwa chakula kwa asilimia 38 tu. Kwani mpunga hawalimi?

Wanalima, na karibu mchele wote wanaokula ni wa kwao. Hiyo 38 ni hesabu ya kalori za vyakula vyote. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula mchele kilo 118 kwa mwaka. Siku hizi ni kilo 50 na kitu. Mkate, nyama na mafuta vimechukua nafasi yake, na ngano na soya nyingi zinatoka ng'ambo. Hata nguruwe aliyezaliwa Japani, akinenepeshwa kwa mahindi ya Marekani, nyama yake haiingii kwenye hesabu. Mwaka 1965 kiwango kilikuwa asilimia 73.

Iweje basi mwaka 2024 mchele uadimike madukani?

Hapa ndipo panaponiuma. Tangu miaka ya 1970 serikali iliwalipa wakulima wapunguze mashamba ya mpunga ili bei isianguke. Mpango ulifutwa rasmi 2018, lakini ruzuku za kumvuta mkulima ahamie ngano, soya au mpunga wa kulisha mifugo zikabaki. Mavuno yakabanwa yatoshe ulaji wa mwaka, basi. Joto kali la 2023 likaharibu punje, na Agosti 2024 ilipotolewa tahadhari ya tetemeko kubwa, watu wakakimbilia kuweka akiba. Rafu zikabaki tupu.

Mei 2025 mfuko wa kilo 5 ulifika yen 4,200 hivi, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Mwezi huohuo waziri wa kilimo, Taku Eto, akasema yeye hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpa. Aliyasema hayo wakati akina mama wanashika mfuko, wanatazama bei, wanaurudisha. Akajiuzulu. Aliyemrithi, Shinjiro Koizumi, akauza mchele wa ghala la taifa moja kwa moja kwa wenye maduka, ukafika kwa yen 2,000 hivi, na foleni zikawa ndefu.

Kumlipa mtu asilime chakula ni kosa, nalo lililindwa kwa miongo kwa sababu ushirika wa wakulima, JA, una kura nyingi vijijini.

Si wangeagiza tu kutoka nje?

Wanaagiza. Tangu 1995 wana mgao wa lazima, yaani kiasi wanachotakiwa kuagiza, ambacho sasa ni tani 770,000 hivi kwa mwaka. Mwingi huishia viwandani, kwenye chakula cha mifugo na kwenye misaada, ikiwemo ya Afrika. Nje ya mgao, kila kilo hutozwa ushuru wa yen 341. Ukuta huo ulijengwa usivukwe, ila mwaka 2025 bei ya ndani ilipaa hadi wafanyabiashara wakaulipa na bado wakapata faida.

Ni kweli waliwahi kuukataa mchele wa Thailand?

Wengi, ndiyo. Kiangazi cha 1993 kilikuwa cha baridi, mavuno yakafa, wakaagiza zaidi ya tani milioni 2. Mchele wa Thailand ni mrefu, ukiiva unachambuka. Kwetu huo ndio wali uliopikwa ukaiva! Wao wanataka punje zishikane ziokotwe kwa vijiti. Maduka yaliuchanganya na wa kwao, na mwingine ukatupwa, jambo linalosikitisha. Lakini nawaelewa pia: kama sisi, wana neno la mpunga, ine, la mchele, kome, na la wali, gohan, na hilo la mwisho ndilo pia neno lao la mlo wowote.

Vijana wanalima?

Wachache mno. Mwaka 2024 wastani wa umri wa wakulima ulikuwa karibu miaka 69, na mashamba mengi ni vipande vidogo. Ingekuwa juu yangu, ruzuku ingemfuata kijana anayetaka kukodi vipande hivyo na kupanda mpunga mwingi zaidi, hata bei ikishuka.