Ukitaka kumwona mdiria, acha kumkimbiza

Watu wengi huniambia yule ndege mdiria ni mgumu kuonekana, mi naona tatizo ni kwamba wanamfukuza. Wakisikia kifirimbi chake chembamba wanageuka, wanakuta kitu cha bluu kinapita shaa juu kidogo tu ya maji, basi wanaanza kukimbilia kulekule na yeye anazidi kwenda. Achana naye, tafuta kijiti chake.

Kijiti chenyewe ni tawi lililoinamia maji, au hata nguzo iliyochomekwa majini, maji yawe yametulia na uone mpaka ndani. Ukikuta na madoa meupe ya kinyesi pale, hujapotea. Kaa pembeni kimya, jua liwe mgongoni kwako, na hili la jua usilipuuze maana manyoya yale ya bluu hayana rangi ya bluu ndani yake, ni jinsi yalivyoumbwa ndo yanavyocheza na mwanga, kivulini rangi inafifia kabisa. Halafu usitegemee dude kubwa. Yule anayejulikana sana Ulaya na Asia ana kama sentimita 16 tu, mkia mfupi, kichwa kikubwa, na domo utadhani kaazima kwa ndege mwingine. Dume domo lote jeusi, jike sehemu ya chini ina wekundu wa chungwa.

Akianza kutikisa kichwa juu chini, kamera iwe tayari, hapo anampima samaki. Anajitupa kichwa mbele, akigusa maji utando mwembamba unafunika macho, na kabla hujakaa sawa kashatoka. Ukikosa kumpiga picha hapo wala usisikitike, kwangu mimi utamu uko baadaye, kwa sababu mara nyingi anarudi kijiti kilekile, anambamiza samaki kwenye mti mpaka atulie, anamgeuzageuza, anammeza kwa kuanzia kichwa ili mapezi na magamba yasimkwaruze koo. Sasa ukiona kamshika samaki kichwa kikiwa kimetazama mbele, huyo sio wa kula yeye, anampelekea jike au makinda.

Wale weusi kwa weupe wa Afrika na Asia wana mtindo mwingine, wanaweza kusimama hewani wakipigapiga mabawa, domo limeelekea chini, kisha puu! Kwao angalia kifua, dume ana mistari miwili jike mmoja. Na kuna midiria kibao ambao hawana habari na samaki, wao ni panzi na mijusi, kwa hiyo ukimkuta porini mbali na maji usishangae.

Kitu ninachokataza kabisa ni kukaa mbele ya shimo lake kwenye ukingo wa mto. Hataingia. Atabaki juu ya tawi na samaki wake mdomoni huku makinda yana njaa humo ndani, we unadhani amekuwekea pozi. Ondoka kwanza, nenda mbali mpaka aingie.